Kiini kwanza au mikono kwanza?
Umeuliza njia ipi inafaa zaidi kutengeneza polima za umbo la nyota (molekuli zenye minyororo mirefu, yaani mikono, inayotoka kwenye kiini kimoja) za kubebea dawa. Ukitaka uhakika wa idadi ya mikono, anza na kiini. Pentaeritritoli, molekuli ndogo inayofaa kuwa kiini, ina vikundi vinne vya haidroksili (OH). Ipashe moto pamoja na laktidi (molekuli ya asidi laktiki inayoungana kuwa mnyororo) na kichocheo cha bati, kila kikundi kitaotesha mkono wake. Ila kausha kila kitu sawasawa! Hata maji kidogo tu huanzisha minyororo yake pembeni na kukuharibia sampuli.

Kuanza na mikono, yaani kutengeneza minyororo kwanza kisha kuiunganisha katikati, hukupa mikono mingi zaidi, lakini idadi hutofautiana kati ya nyota na nyota, na mikono isiyoungwa ni kazi kuitoa.

Na matumizi hayaishii kwenye dawa. CoSeal, kizibo cha upasuaji wa mishipa ya damu, ni PEG (polietilini glikoli, polima inayoyeyuka majini) mbili za mikono minne: moja ina ncha za thioli (kikundi chenye salfa), nyingine za esta inayoshikana nazo. Zikikutana hugeuka jeli ndani ya sekunde chache. Minyororo ya kawaida yenye ncha mbili ingerefuka tu, isifunge wavu.