Moyo wa mzamiaji hupunguza mwendo kwa nini?

SWALI: Nazamia kwa kubana pumzi, bila mtungi. Saa yangu inaonyesha mapigo ya moyo yakishuka kutoka 72 hadi 50 nikiwa chini. Je, moyo unachoka? Na kuhema harakaharaka kabla ya kuzama kunasaidia?

JIBU: Hauchoki, unabana matumizi. Pumzi ikibanwa na maji, hasa ya baridi, yakigusa paji la uso, macho na pua, neva za uso huupasha ubongo habari. Ubongo huamuru moyo, kupitia neva ya vagasi, upige polepole. Kwa asiye na mazoezi mapigo hushuka asilimia 10 hadi 25 hivi. Waliozoea hushuka zaidi. Wakati huohuo mishipa midogo ya mikono na miguu hujibana ili damu iwafikie kwanza moyo na ubongo. Kwa hiyo presha hupanda ingawa moyo umetulia, na mwenye presha isiyodhibitiwa asizamie kabla ya kumwona daktari. Bandama nayo hujikunja na kumwaga chembe nyekundu za damu za akiba, zinazobeba oksijeni, ndiyo maana mizamo ya baadaye huwa rahisi kuliko ule wa kwanza.

Kuhema harakaharaka, tafadhali acha kabisa. Damu yako imeshajaa oksijeni karibu yote inayoweza kubeba. Unachofukuza ni kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo inayokulazimisha upumue. Ukiipunguza, oksijeni itakwisha bila wewe kusikia hamu ya hewa. Hatari kubwa iko wakati wa kupanda: kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, hivyo oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni bado huingia kwenye damu. Ukikaribia uso wa maji shinikizo hilo hupungua, na fahamu zinaweza kupotea ghafla, hata sekunde chache baada ya kuibuka.

Pumua kawaida dakika mbili, kisha vuta pumzi moja ya kina. Baada ya kuibuka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Mwenzako abaki juu, asizame nawe, na akutazame sekunde 30 zaidi ukishatoka. Ukizimia, akuinue uso juu ya maji, akuvue miwani na kukupulizia usoni huku akikuita. Usipopumua mara moja, akupulizie pumzi mdomoni.

Mapigo yakirukaruka, au kama kwenu kuna aliyewahi kuzimia akiogelea, pima umeme wa moyo kabla ya kurudi majini.