Mwalimu asema binti yangu amechelewa kusema

SWALI: Mhariri, binti yangu ametimiza miaka 4 na yuko PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, katika shule ya kibinafsi hapa Kilifi. Hulelewa zaidi na nyanya yake, ambaye humsemesha Kigiriama. Mimi na baba yake tunazungumza naye Kiswahili. Hivi karibuni mwalimu alimpa picha azitaje kwa Kiingereza, akashindwa nyingi. Tumeambiwa kwamba amechelewa na kwamba nyanya aache Kigiriama. Je, ni kweli?
Mama, Kilifi

JIBU: Mama, kipimo hicho hakiwezi kujibu swali lako, kwa sababu kimepima lugha ambayo mtoto ndiyo kwanza anakutana nayo, kikaziacha mbili anazoziishi. Msamiati wa mtoto wa lugha mbili hugawanyika kulingana na mahali na watu: mambo ya jikoni na shambani huenda anayajua kwa Kigiriama, ya dukani na ya michezo kwa Kiswahili. Anayetaka kujua akiba yake huorodhesha vitu anavyoweza kuvitaja kwa lugha yoyote, kisha huhesabu kila kitu mara moja. Ukihesabu upande mmoja tu, karibu kila mtoto wa aina hii ataonekana kapungukiwa.

Huko huko Kilifi kazi kama hiyo imekwisha kufanywa. Watafiti walitengeneza orodha za msamiati, ishara na miundo ya sentensi kwa Kiswahili na Kigiriama, kwa watoto wa miezi 8 hadi 28, wakahoji familia zaidi ya 300 ana kwa ana, kwa kuwa si kila mzazi angeweza kujaza fomu mwenyewe. Majibu yalitegemeka, hata pale mtoto alipokuwa na walezi kadhaa. Binti yako amepita umri wa orodha hizo, lakini utaratibu wenyewe unafaa: aulizwe anayeishi na mtoto, na mtoto asikilizwe akizungumza na watu aliowazoea, maana mbele ya mgeni mwenye picha mkononi watoto wengi hunyamaza.

Kwa hiyo msikilizeni. Je, anapokuwa na nyanya husimulia jambo lililotokea likaeleweka? Hufuata maagizo mawili yanayofuatana? Husema kwa Kiswahili “kikombe changu kimevunjika”, akipatanisha maneno, au hutaja neno moja moja tu? Kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja kusikutishe. Hata sisi watu wazima wa Pwani hatuachi. La kutia wasiwasi ni ugumu unaojitokeza katika Kigiriama na Kiswahili pia, kwa sababu tatizo halisi la lugha halichagui lugha moja likaiacha nyingine.

Ushauri wa kumnyamazisha nyanya siukubali hata kidogo. Kigiriama hakisababishi ucheleweshaji, na kukiondoa ni kumnyang'anya mtoto mazungumzo yake mengi ya siku.

Mkiona ugumu huo katika lugha zote mbili, apimwe masikio kwanza, kisha mpelekeni kituo cha tathmini ya elimu, yaani EARC, huduma iliyoanzishwa nchini mwaka 1984. Ombeni tathmini ifanywe kwa Kigiriama na Kiswahili, na nyanya aende nanyi, kwa kuwa mengi atakayouliza mtathmini ni yeye anayeyajua.