Côte d'Azur wakati wa baridi: anzia magharibi, uelekee mashariki

Wengi wakisikia Côte d'Azur, ile pwani ya kusini mashariki mwa Ufaransa, akili inakwenda Julai na Agosti. Nimeipita kwa gari kiangazi na wakati wa baridi, na anayeniuliza namwambia aende Februari. Kiangazi barabara ya pwani ni foleni tupu. Februari barabara inapumua, na mchana joto hufika nyuzi 13 hivi. Jua likiwaka, unakula nje na koti lako mwilini.

Panga safari kwa kufuata jua. Desemba linazama Nice, mji mkuu wa pwani hii, kabla ya saa 11 jioni. Katikati ya Februari unapata karibu saa nzima zaidi. Ndiyo maana nashauri uanzie Saint-Raphaël asubuhi, ulale Nice, kesho yake umalizie Menton. Ufaransa wanaendesha kulia, kwa hiyo ukielekea mashariki bahari iko upande wako na unaingia kwenye maegesho ya kutazamia bila kukatiza magari yanayokuja. Alasiri jua linabaki mgongoni. Anayekwenda magharibi saa hizo linampiga machoni kila kona, na sisi tuliozoea kuendesha kushoto tayari tuna mengi ya kuangalia. Kama leseni yako ni ya Tanzania au Kenya, chukua leseni ya kimataifa kabla hujaondoka nyumbani.

Kutoka Saint-Raphaël hadi Cannes usipande A8, ile barabara ya kulipia. Fuata Corniche d'Or, barabara ya pwani iliyofunguliwa mwaka 1903. Miamba ya Esterel, milima ya hapo, ni myekundu kabisa, inashuka hadi majini, na mwanga wa asubuhi ndio unaoitoa rangi yake. Ukikaribia Cannes, panda kidogo kuelekea Tanneron. Mimosa, mti wa jamii ya migunga uliotoka Australia, huchanua huko kati ya Januari na Machi. Maua yake ni vijipira vya njano, laini, na harufu inaingia garini ukishusha kioo tu.

Kati ya Nice na Menton kuna barabara tatu zilizopandana mlimani. Ya chini inapita Villefranche na Monaco, ya kati inapita kijiji cha Èze. Ukiwa na muda wa moja tu, chagua ya juu, Grande Corniche, iliyojengwa enzi za Napoleon. Inafika zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na inapita La Turbie, penye mnara ambao Warumi walimjengea Augusto miaka michache kabla ya Kristo. Huko juu upepo unakata, valia vizuri.

Milima iliyo nyuma ya Nice ni habari nyingine. Kuanzia Novemba hadi Machi, maeneo mengi ya huko yanalazimisha matairi ya baridi au minyororo. Muulize anayekukodishia gari mapema.

Nice, kula socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu unaookwa kwenye sinia kubwa: kingo kavu, katikati laini, pilipili manga juu. Ila mikahawa mingi ya vijiji vidogo hufungwa Januari, kwa hiyo piga simu kwanza.

Februari pia kuna kanivali ya Nice na sikukuu ya malimau ya Menton, ambako hujenga masanamu makubwa kwa malimau na machungwa. Vyumba hupanda bei, hivyo weka nafasi mapema. Siku ya maandamano ya sikukuu Menton, gari liache Nice upande treni ya pwani. Maegesho kule utayatafuta hadi maandamano yakupite.