Nunua ya mezani, lakini anza na skrini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu anayeishi kwa kazi ya usanifu wa picha, na ambaye jioni hupenda kucheza gemu, anunue kompyuta mpakato au ya mezani? Ninafanya kazi katika duka la uchapaji hapa Dar es Salaam, ambako napokea mafaili ya wasanifu wa kila aina, na jibu langu ni kwamba kama kazi yake hufanyika mahali pamoja kwa sehemu kubwa ya wiki, anunue ya mezani, na skrini ipangiwe fedha yake kabla ya kitu kingine chochote.

Naanza na skrini kwa sababu ndipo wateja wetu wanapoumia. Mpakato nyingi za bei ya chini na ya kati, zikiwemo baadhi ya zile zinazouzwa kwa ajili ya gemu, zina skrini ambayo katika maelezo yake huandikwa "45% NTSC", yaani huonyesha takriban asilimia 63 tu ya rangi za sRGB, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha rangi za kompyuta. Kijana mmoja alituletea kadi ya mwaliko wa harusi yenye maua mekundu na picha ya maharusi. Kwenye mpakato wake wekundu ule ulionekana umepauka, kwa hiyo alikuwa ameukoleza hadi ukamridhisha. Tulipolifungua faili lilelile kwenye skrini yetu, maua yalikuwa yakiwaka kama makaa na mashavu ya bibi harusi yamegeuka mekundu. Macho ya kijana yule hayakuwa na kasoro yoyote, ila alikuwa akisahihisha rangi ambazo mashine yake haikuweza kumwonyesha.

Ukubwa nao una maana yake. Skrini ya inchi 15.6 ina kimo cha karibu sentimita 19 na nusu, ilhali karatasi ya A4 iliyosimama ina sentimita 29.7, hivyo msanifu hawezi kuona ukurasa mzima kwa ukubwa wake halisi. Kwenye skrini ya inchi 27, A3 iliyolazwa hukaa yote na pembeni hubaki nafasi ya zana. Ni kweli kwamba mpakato nayo huunganishwa na skrini ya nje, lakini aliyefika hapo amelipia skrini mbili na bado anafanyia kazi mezani.

Kwa upande wa gemu, tatizo kubwa ni majina ya kadi za grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu. RTX 4070 ya mezani ina kumbukumbu ya 12GB na hutumia umeme wa hadi wati 200. Ya mpakato, yenye jina hilohilo, ina 8GB, na mtengenezaji wa mashine huruhusiwa kuiwekea kikomo chochote kati ya wati 35 na 115. Mpakato mbili zilizopangwa kwenye kabati moja la duka, zote zikiwa na kibandiko kilekile, zaweza kupishana mno kwa kasi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kadi imepewa wati ngapi, na asiyejua aonyeshe ukurasa wa mtengenezaji. Anayetengeneza picha za pande tatu kwa Blender ataiona tofauti hiyo mapema zaidi, maana kazi ikizidi kumbukumbu ya kadi hupungua kasi sana au hukatika kabisa. Tena hewa ya Dar es Salaam huingia kwenye feni ikiwa tayari na nyuzi 30 na zaidi kwa miezi mingi, na prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndani ya kasha kubwa hewa hupita. Ndani ya mpakato, vumbi kidogo tu hutosha kuiziba.

Wanaotetea mpakato husema umeme ukikatika kazi inaendelea. Hoja hiyo ni nzito, na kwa mtu anayechora nembo kwa Illustrator ni ya kweli kabisa. Kwa gemu haisimami: betri za mpakato huishia chini kidogo ya saa-wati 100, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha kawaida kwenye ndege, na mashine inayokula wati 150 huimaliza betri hiyo katika dakika 40 hivi, ijapokuwa mara nyingi kadi yenyewe huwa imepunguziwa nguvu tangu chaja ilipochomolewa. Mwenye ya mezani anahitaji UPS, kisanduku cha betri cha kushikilia umeme unapokatika, naye asome wati, yaani mzigo ambao UPS hubeba kwa kweli, badala ya VA, namba kubwa zaidi inayotangazwa, kwa sababu UPS ya 650VA mara nyingi hubeba chini ya wati 400. Kazi yake ni kumpa dakika za kuhifadhi faili na kuzima. Na umeme ukirudi kwa kishindo ukaua pawa saplai, kipande kinachoigawia mashine umeme, fundi hubadilisha kipande hicho kimoja. Kwenye mpakato saketi ya kuchaji imo ndani ya bodi kuu, pamoja na kadi na wakati mwingine hata RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Wenye fedha kidogo huangalia mashine za ofisi zilizotumika nje, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimejaa Kariakoo. Zinafaa, ila kasha lifunguliwe kabla ya kulipa. Zile nyembamba hukubali kadi za kimo kifupi tu, na pawa saplai yake kwa kawaida haina waya wa ziada wa kadi, hivyo kadi hutegemea wati 75 za nafasi yake kwenye bodi na si zaidi. Nachagua lenye umbo la mnara. Prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8, kwa kuwa Windows 11 haizikubali rasmi karibu zote za nyuma ya hapo, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025.

Mpakato namshauri mwanafunzi wa hosteli, mpiga picha anayechapa ukumbini, na msanifu anayerekebisha kazi mbele ya mteja. Hao watafute skrini ya sRGB asilimia 100, RAM ya 16GB yenye nafasi ya kuongezwa, na, kwa Intel, prosesa inayoishia na H au HX badala ya U. Kabla ya kulipa waombe kuendesha gemu nzito kwa dakika 20, chaja ikiwa imechomekwa, wakitazama kama kasi ya mwanzo inabaki ileile hadi mwisho; muuzaji akikataa, wahamie duka jingine.