Kabla hujayeyusha barafu ya friza, tazama imeganda wapi

Friza ikijaa barafu, wengi huizima, huacha mfuniko wazi, hufuta maji na kuiwasha tena. Wiki tatu baadaye barafu imerudi palepale, kwa kuwa kilichoileta hakikuguswa. Barafu inayong'ang'ania ukutani ni maji yaliyokuwa hewani au yaliyotoka kwenye vyakula, yakakutana na ukuta wa baridi. Kwa hiyo cha kutafuta ni njia ambayo maji hayo yameingilia, na barafu yenyewe ndiyo inayoionyesha: mahali ilipokaa na jinsi ilivyokaa. Ukiyeyusha bila kutazama, umefuta ushahidi. Piga picha kwa simu kwanza, pande zote.

Watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar wanasumbuka zaidi kuliko wa Arusha au Nairobi, na si kwamba wanauziwa friza mbovu. Hewa ya pwani ikiwa na nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Zinazobaki zote zinaganda. Friza ya kusimama yenye lita 200, ikiwa haina vitu vingi, kila mlango unapoachwa wazi mpaka hewa yote ikabadilika inapokea zaidi kidogo ya gramu 4 na nusu za maji. Mara 20 kwa siku ni kama gramu 90, na kwa mwezi ni zaidi ya kilo mbili na nusu za barafu. Friza ya kulala ina nafuu, maana hewa baridi ni nzito na hubaki chini mfuniko unapofunguliwa. Ya kusimama humwaga baridi yake miguuni mwako.

Barafu ikiwa nene karibu na ukingo wa mlango, hasa upande mmoja tu, shuku mpira wa mlango. Chukua kipande cha karatasi, kibane mlangoni, kisha kivute. Kinapaswa kugoma kidogo. Rudia kila shubiri moja kuzunguka mlango wote, na pale karatasi inapoteleza yenyewe weka alama. Usiku unaweza kuwasha tochi ndani, ukafunga mlango na kuzima taa za chumba: mwanga ukichungulia, hewa nayo inapita. Dalili nyingine ni mfuniko wenyewe. Ukiufunga na kutaka kuufungua papo hapo, mpira mzima hukufanya uvute kwa nguvu, kwa sababu hewa iliyoingia inapoa na kusinyaa. Mfuniko unaofunguka kirahisi kila mara unavuja mahali fulani.

Usikimbilie kununua mpira mpya. Mara nyingi kinachozuia usishike ni uchafu: damu ya samaki, sukari ya juisi, ukungu mweusi kwenye mikunjo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, kisha kausha. Mpira ukiwa umebonyea au kupinda, upashe kwa draya ya nywele au kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kwa dakika chache, uvute urudi umbo lake, ufunge mlango na uuache hivyo saa kadhaa. Mpira uliokatika au kukakamaa haufufuki, huo badilisha. Unapoenda dukani beba vipimo vya urefu na upana, namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, na picha ya jinsi unavyoshikwa, kwa mfereji au kwa skrubu. Mpira mpya hutoka kwenye mfuko ukiwa na mikunjo. Uloweke kwanza kwenye maji ya moto, la sivyo utavuja kuliko ule wa zamani.

Friza ya kulala ikivuja upande wa nyuma peke yake, mpira unaweza kuwa mzima na bawaba ndizo zilizolegea. Kaza skrubu kabla ya jambo lingine. Angalia pia miguu: sakafu isiyo sawa hupindisha kabati, na kwa friza ya kusimama mlango unakaa wazi kwa milimita mbili bila mtu kujua.

Barafu ikiwa chini kabisa, kwenye sakafu ya friza ya kulala, tafuta kizibo cha tundu la kutolea maji. Watu hukitoa wakati wa kusafisha na kukisahau juu ya dirisha. Tundu dogo kama hilo huvuta unyevu usiku na mchana.

Ikiwa imetanda kuta zote kwa usawa, mpira ni mzima na tatizo ni matumizi. Maharage yaliyochemshwa yakiingia yangali na mvuke, mvuke wote unakwenda ukutani. Yapoze, yafunike, ndipo uyaingize. Samaki aliyeoshwa mkaushe kwa kitambaa, umfunge kwenye mfuko na kutoa hewa. Pakiti za maji na chupa za juisi zifute nje. Anayeuza barafu nyumbani, ambaye mfuniko wake unafunguliwa kila mtoto anapobisha hodi, apange za kuuza siku hiyo kwenye kapu la juu, na za akiba zikae chini. Sekunde 10 na dakika nzima zina tofauti kubwa sana kwenye hewa ya Kariakoo.

Friji zilizoandikwa No Frost zina habari yake. Humo kuta hazitakiwi kuwa na barafu hata kidogo. Koili ya baridi imefichwa nyuma ya paneli pamoja na feni, na mara chache kwa siku hita huyeyusha barafu iliyoishika, maji yakashuka kwa mrija hadi trei iliyo juu ya kompresa. Paneli ya nyuma ikianza kuota barafu na chumba cha chini kikawa cha moto, mfumo huo umekwama. Jaribio rahisi: zima friji saa 24 milango ikiwa wazi, halafu iwashe. Ikifanya kazi vizuri siku kadhaa kisha ikarudia, kosa liko kwenye hita, swichi yake ya joto, fyuzi ya joto (hukata umeme hita ikizidi moto), au taima au bodi inayopanga saa za hita kuwaka. Friji ikiwa haijachomekwa, pima hita kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Ya wati 150 hadi 200 kwa umeme wa volti 230 husoma kati ya omu 265 na 350. Isiyosoma kitu imekatika. Swichi ya joto hupitisha umeme ikiwa baridi tu. Mafundi wengi huipima ikiwa na joto la chumba, wanaona haipitishi, wanaitupa ikiwa nzima. Iweke kwanza ndani ya friza inayogandisha kwa saa nzima. Fyuzi ya joto, kinyume chake, inatakiwa kupitisha wakati wote. Barafu ikiwa chini ya paneli peke yake, mrija wa maji umeziba. Uzibue kwa bomba la sindano na maji ya uvuguvugu.

Kuyeyusha kwenyewe fanya barafu ikifika nusu sentimita hadi sentimita moja. Chomoa waya, funga vyakula kwa magazeti na blanketi, weka sufuria ya maji ya moto ndani juu ya kitambaa na ufunike nusu saa. Tumia mwiko wa mbao au plastiki. Tafadhali usiguse kisu wala bisibisi: mabomba ya gesi yako nyuma tu ya ukuta ule mwembamba, na friza nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Soma kibandiko cha nyuma. Ukisikia mvumo wa gesi ikitoka, usiwashe swichi yoyote, fungua madirisha na utoke. Ukimaliza, kausha mpaka pembeni, kwa sababu maji yatakayobaki ndiyo barafu ya kwanza. Rejesha kizibo, na kama hutumii kifaa cha kulinda friji, subiri dakika tano kabla ya kuwasha.

Kuna barafu moja isiyotibika kwa kuyeyusha wala kwa mpira. Inakaa kona moja tu, pale bomba linapoanzia, huku kuta nyingine zikiwa kavu na kompresa hainyamazi. Hiyo ni dalili ya gesi kupungua, na gesi haiishi kwa kutumika, inavuja. Fundi anayetaka kuongeza tu muulize tundu liko wapi. Kazi kamili ni kuziba tundu, kubadilisha draya ya mfumo (kichujio kinachonyonya unyevu ndani ya mabomba), kuvuta hewa kwa pampu, kisha kupima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko.