Mchapishaji mdogo anataka kuchapa nakala 300 tu za riwaya yangu ya fantasia, ananipunja?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nipo Nachingwea, nimemaliza riwaya ya fantasia, maneno 140,000, inahusu mnyama anayeamka kule Tendaguru, Lindi, kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, na mji wa majini chini ya bahari ya Kilwa. Mchapishaji mmoja mdogo hapo Mtwara ameipenda ila anataka tuigawe vitabu viwili, alafu cha kwanza achape nakala 300 tu. Kuna mwingine Dar anasema nikimlipa anatoa 2,000. Huyu wa 300 ananipunja? Na kwenye mkataba niangalie nini?

JIBU: Salama dada yangu, na hongera sana, maneno 140,000 sio mchezo. Mi ni mhariri, nachapisha vitabu hapahapa Mtwara, nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza tutenganishe mchapaji na mchapishaji. Huyo wa Dar anayetaka hela yako ni mchapaji, anakuuzia kazi ya mashine na hana kosa, ila vitabu vikidoda vinadoda sebuleni kwako. Mchapishaji anaweka hela yake, mhariri wake, jalada lake, na hasara ni ya kwake. Kwahiyo usilinganishe 300 na 2,000 kama vile ni kitu kimoja.

Sasa hesabu. Kitabu cha A5 kinabeba kama maneno 300 kwa ukurasa, kwahiyo wewe una kurasa 467, ukiweka za mwanzo na zile tupu unafika 480. Kwenye mashine kubwa za ofseti karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, yani unahitaji karatasi 30, na kila moja ina pleti mbili (bamba la kuchapia), mbele na nyuma, hapo ni pleti 60 kabla hata hujagusa jalada. Gharama ya pleti ni ileile uchape 300 au 3,000, ndo maana mtu akipiga hesabu anaona bora achape nyingi kila nakala ishuke bei, na hapo ndo wachapishaji wadogo wengi tunapofia. Mashine za dijito hazina pleti, nakala ya kwanza na ya 300 bei moja, nakala inakuwa ghali kidogo ila hela hailali stoo.

Mi yamenikuta. Tulichapa nakala 1,000 za riwaya moja ya majini, nzuri kweli, tukauza kama 200 hivi, maboksi yakakaa chumba cha nyuma mvua zote za Januari mpaka Aprili. Siku naenda kutoa nakala za mteja wa Masasi nafungua boksi la chini nakuta mchwa wamechora njia mpaka katikati ya kurasa, la juu yake kurasa zimejikunja kwa unyevu, ukifungua kitabu gundi ya mgongo inaachia na kurasa zinabaki mkononi. Hela ya kitabu kilichofuata ilikuwa mle ndani ya yale maboksi, na mwandishi wake alisubiri miaka miwili.

Na huu sio ugonjwa wa kwetu tu. Mwaka 1939 kule Wisconsin, Marekani, jamaa wawili walianzisha kampuni ya uchapishaji, Arkham House, baada ya wachapishaji wakubwa kuzikataa hadithi za rafiki yao marehemu, H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha. Kitabu chake cha kwanza walichapa nakala 1,268 tu na bado zilichukua miaka kuisha. Leo jina la Lovecraft linajulikana dunia nzima, na walioanza kumweka kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu ni hao wawili.

Kuhusu kugawa mara mbili, hapo usikubali harakaharaka. Kurasa 480 kwa gundi peke yake kwenye joto letu mgongo unaweza kupasuka, na bei itamshinda msomaji, kwa hilo yuko sahihi. Ila muulize anakata wapi. Kama kuna mahali hadithi inatua yenyewe, sawa, lakini akikata pale ukurasa wa 240 kwa sababu ni nusu, msomaji ataona ameibiwa. Kila kitabu kitahitaji ISBN yake, yani namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Mkataba sasa, hapa kaa chini usome. Hofu yangu kubwa ni kitabu cha pili. Mchapishaji mdogo anaweza kuanguka ghafla, au akaangushwa na mwingine, Machi 2024 Small Press Distribution, msambazaji wa vitabu vya wachapishaji wadogo Marekani, ilifunga bila taarifa, mamia ya wachapishaji wadogo wakabaki wanatafuta vitabu vyao viko ghala gani. Kwahiyo iandikwe kwamba cha pili kisipotoka ndani ya miezi 18, au cha kwanza kikiisha asichape tena ndani ya mwaka, haki zote zinarudi kwako bila kesi. Mpe haki ya Kiswahili cha karatasi na cha simu tu, kwa miaka mitano. Filamu, sauti na tafsiri baki nazo. Mrabaha, yani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, ukiandikwa asilimia 10 uliza ya nini, kitabu cha 10,000 duka likichukua asilimia 40, kumi ya bei ya jalada ni 1,000, kumi ya kinachomfikia mchapishaji ni 600.

Ila mi ningeenda kwa huyu wa 300. Mhariri aliyekulia huku hatakuambia ueleze Tendaguru ni wapi, anajua Wajerumani walichimba ile mifupa 1909 mpaka 1913 wakaipeleka Berlin, atakubana kwenye mambo ya maana, mfano huyo mnyama wako anaamka kwa nini sasa hivi na sio zamani. Na anajua hela ya korosho inaingia lini Newala na Tandahimba. Mwombe kitabu kitoke Oktoba, na umwombe nakala 40 uende nazo mwenyewe Nachingwea.