Mumbai siku mbili, bila Gateway of India

Ndugu, umesema umemsindikiza mama Mumbai kwa matibabu, una siku mbili za nafasi na Gateway of India, lile lango maarufu la watalii, umeshaichoka. Siku ya kwanza ianze mapema: saa kumi na moja alfajiri uwe Sassoon Dock, kule Colaba. Ni bandari ya tangu 1875, leo ni ya wavuvi. Utawakuta akina mama wa Kikoli, jamii ya wavuvi wa huko, sari zimefungwa kati ya miguu, wamechuchumaa wakimenya kamba kwa kasi ya ajabu huku mnada ukiendelea juu ya vichwa vyao. Vaa viatu usivyovionea huruma, maana maji ya samaki hayakwepeki. Na kamera iache mfukoni. Huko picha ni kugombana.

Kama saa tano na nusu hivi, simama nje ya stesheni ya Churchgate. Wale wenye kofia nyeupe ni dabbawala, wapeleka chakula cha mchana; wanapanga vyakula vya watu wa maofisini kwa alama zilizopakwa rangi kwenye vifuniko vya makopo. Usiwazibie njia, hawana breki.

Njaa ikiuma, kula vada pav: kachori yetu ile ile ya viazi, ila imetiwa ndani ya mkate na chatne kavu ya kitunguu saumu. Mimi nilikula tatu nimesimama.

Siku ya pili nenda Banganga, Walkeshwar, jioni. Ni bwawa la maji yasiyo na chumvi lenye ngazi za mawe, ingawa bahari iko hatua chache tu. Siku zote mbili, treni za mjini panda mchana, kabla watu hawajatoka makazini.